Daftari Pembeni: Namna ya Kumaliza Golden Sun: The Lost Age

Kama utaiacha Golden Sun: The Lost Age njiani, basi utaiacha baharini. Saa za mwanzo zinakushika mkono vizuri: kijiji, pango, bosi, kijiji kingine. Kisha unapata meli, dunia nzima inafunguka mbele yako, na hakuna anayekuambia uende wapi. Mimi niliishia hapo mara ya kwanza. Nilizunguka visiwani jioni nne mfululizo, kila nilikofika nikakuta njia imezibwa, mwishowe nikaitia kaseti kwenye droo. Niliporudi nilikuwa na daftari pembeni, na safari hiyo nikaimaliza hadi mlango wake wa mwisho kabisa. Vidole vyangu vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuandika, kwa sababu gemu hii humlipa anayekumbuka, na hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka yote yaliyomo.

Iko hivi. Camelot, kampuni ya Kijapani, iliitengeneza kwa ajili ya Game Boy Advance. Ilitoka Japani mwaka 2002, kisha Marekani na Ulaya mwaka 2003. Ni nusu ya pili ya hadithi moja; nusu ya kwanza, Golden Sun, ilitoka mwaka 2001. Katika ile ya kwanza unamwongoza kijana Isaac akimfuatia Felix nchi kwa nchi. Katika hii ya pili wewe ndiye Felix, ukiwa na dada yako Jenna, binti aitwaye Sheba na mzee msomi Kraden. Unaanza kwenye rasi iliyokatika kutoka bara na kuelea baharini, na polepole unaelewa kwa nini uliyekuwa unamkimbiza alikuwa anakimbia.

Yanayofuata ni mambo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijawasha kifaa.

Hakikisha kaseti na kifaa kwanza

Gemu hii ni ndefu. Kupoteza saa ishirini za kazi kwa sababu kaseti ni ya kughushi ni maumivu ambayo hayana dawa. Ukinunua ya mkononi, angalia mambo mawili. Kaseti halali huwa na tarakimu mbili ndogo zilizogandamizwa kwenye kibandiko chake. Ukiinamisha kwenye mwanga utaziona zimebonyea. Pili, chungulia pale chini penye meno ya shaba: juu yake, kwenye ubao wa ndani, unapaswa kuona jina la Nintendo. Halafu ijaribu kabla ya kuianza kwa dhati. Cheza dakika tano, hifadhi, zima, iache usiku kucha, asubuhi uwashe. Ikiwa hifadhi ipo, endelea.

Kifaa nacho kina maana. Game Boy Advance ya kwanza haina taa ya skrini, na gemu hii ina mapango mengi ya rangi nzito. Kaa karibu na dirisha la sivyo utapita mbele ya ngazi bila kuiona. Game Boy Advance SP ina taa yake na betri ya kuchaji. Nintendo DS ya mwanzo na DS Lite zinapokea kaseti hizi pia, ila hazina tundu la waya wa kuunganisha vifaa viwili, jambo litakalokuhusu hivi punde. Na tangu Januari 2024, gemu zote mbili zinapatikana kwa wenye Nintendo Switch wanaolipia Nintendo Switch Online ya daraja la Expansion Pack.

Anza na ile ya kwanza, na ubebe ulichochuma

Unaweza kuianza The Lost Age bila kuigusa iliyotangulia. Utaelewa kiasi, utacheza, utamaliza. Lakini kuna sehemu moja ya siri ambayo haitakufungukia kamwe, na nitaieleza mwishoni. Kwa hiyo ushauri wangu ni kumaliza Golden Sun kwanza, na kuimaliza ukiwa umekusanya majini wake wote 28, viumbe vidogo nitakaowaeleza baadaye.

Ukishamaliza, ile ya kwanza inakupa njia mbili za kuhamisha mafanikio yako: waya kati ya vifaa viwili, au neno la siri unaloandika kwa mkono wako. Neno hilo lina madaraja matatu. La shaba lina herufi 16, nalo hubeba ngazi za wahusika wako na majini wao. La fedha lina herufi 61, likiongeza na vitu muhimu. La dhahabu lina herufi 260, nalo hubeba karibu kila kitu, pamoja na silaha, pesa na nguvu za kila mhusika.

Andika la dhahabu. Usiogope urefu wake. Chukua ukurasa wa daftari wenye vijisanduku, wa hesabu, na uandike herufi kumi kwa kila mstari. Mistari 26, imekwisha. Neno hili lina herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama kama # na %, na hapo ndipo watu wanapoponyokwa. W kubwa na w ndogo zina umbo moja. Kadhalika S na s, C na c, Z na z. Mimi huandika kila herufi ndogo yenye mashaka na kistari chini yake. Ukimaliza, soma kutoka mwisho kwenda mwanzo ukilinganisha na skrini. Ukisoma kutoka mwanzo jicho huwa limeshazoea na linapitisha kosa. Ukisoma kinyumenyume kila herufi inakuwa ngeni.

Niliwahi kuruka herufi moja tu katika mstari wa 19. Gemu ililikataa neno lote, na ilinichukua jioni nzima kuitafuta. Tangu siku ile huandika nakala mbili.

Ingiza neno hilo mwanzoni kabisa mwa The Lost Age, kabla hujaanza safari. Usiliweke kiporo.

Waelewe majini kama unavyozielewa kete

Moyo wa gemu hii ni viumbe vidogo viitwavyo Djinn. Neno ni lilelile letu, jini, kutoka Kiarabu. Lakini hawa ni roho ndogo za asili zinazozurura porini na kwenye mapango, na ukimshinda mmoja anajiunga nawe. Wako wa aina nne, na gemu inawaita kwa majina ya sayari. Njia rahisi ya kuwashika ni kutumia majina ya sayari tuliyonayo: Zuhura, yaani Venus, ni ardhi. Mirihi, yaani Mars, ni moto. Mshtarii, yaani Jupiter, ni upepo. Utaridi, yaani Mercury, ni maji. Ardhi na upepo ni mahasimu. Moto na maji ni mahasimu. Adui wa moto mpige kwa maji.

Kila jini huwa katika hali moja kati ya tatu, na anayeelewa hali hizi tatu ameielewa nusu ya gemu.

Kwanza, amepangwa. Yuko mwilini mwa mhusika, anamwongezea uhai, nguvu na kinga, na ndiye anayeamua mhusika huyo ni wa daraja gani na ana uchawi gani.

Pili, anasubiri. Ukimtumia jini vitani, anafanya kazi yake mara moja, kisha anatoka kwenye mpangilio na kukaa pembeni. Hapo mhusika wako anapungukiwa nguvu.

Tatu, anapumzika. Majini wanaosubiri ndio unaowalipa ili kuita mzimu mkubwa wa vita. Baada ya kuitwa mzimu, waliolipwa wanapumzika, kisha wanarudi kwenye mpangilio mmoja mmoja, zamu kwa zamu.

Tazama pambano moja kwa karibu. Felix ana majini wawili wa ardhi, Echo na Iron. Zamu ya kwanza anamtuma Echo, anayepiga mara mbili. Zamu ya pili anamtuma Iron, na kinga ya kundi zima inapanda. Sasa wote wawili wanasubiri, na Felix amebaki mwepesi kama ganda. Zamu ya tatu anawalipa wote wawili na kumwita Ramses, ambaye bei yake ni majini wawili wa ardhi. Adui anapata pigo zito. Zamu zinazofuata Echo na Iron wanarudi kwa zamu, na Felix anapata nguvu zake tena.

Aliyewahi kukaa kwenye bao ataitambua hesabu hii mara moja. Kete unazotawanya leo zimekuacha na shimo tupu, na mpinzani anaona shimo hilo. Mchezaji mzuri wa bao hatawanyi kwa sababu tu anaweza. Anauliza kwanza, nikishatawanya nitabaki na nini? Majini ni vivyo hivyo. Kabla hujamtuma jini, jiulize mhusika wako atabaki na uchawi gani. Hili ndilo kosa linaloua watu wengi: unamtuma jini wa nne, daraja la mhusika linashuka, na ule uchawi wa kuponya uliokuwa unautegemea unatoweka kwenye orodha yako katikati ya pambano. Fungua orodha ya uchawi mara kwa mara. Weka mponyaji mmoja ambaye majini wake hawaguswi.

Mbinu tatu zaidi za majini, fupi lakini zenye faida kubwa.

Adui akifa kwa pigo la jini wa asili anayoiogopa, unapata asilimia 30 zaidi ya uzoefu na pesa, na uwezekano wa kuangusha kitu adimu unaongezeka mara nne. Kwa hiyo mdhoofishe adui kwa panga, kisha pigo la mwisho mwachie jini.

Jini wa porini anaweza kukimbia katikati ya pambano. Usikate tamaa, toka eneo hilo, rudi, utamkuta mahali palepale.

Changanya majini. Mhusika mwenye majini wa asili yake pekee ni imara, lakini ukimpa wa asili nyingine anabadilika daraja na kupata uchawi mpya. Ukiona chipukizi dogo chini ya ukuta, badilishana majini wa ardhi na moto kati ya Felix na Jenna hadi uchawi wa Growth uonekane; chipukizi litakua kuwa mmea wa kupandia.

Daftari: safu tatu tu

Sasa tufike kwenye kilichonikwamisha. Uchawi wa gemu hii, Psynergy, hautumiki vitani tu. Unatumika kusukuma nguzo, kukausha maji, kufunga kamba, kusoma mawazo ya watu. Na gemu inakuonyesha kizuizi saa kumi kabla ya kukupa uchawi wa kukiondoa. Ukiwa na bahati utakumbuka. Ukiwa kama mimi, hutakumbuka.

Chora safu tatu: mahali, nilichokiona, ninachohitaji. Safu ya tatu iache wazi ukiwa hujui. Hivi ndivyo unavyoijaza baadaye:

Kamba iliyolegea karibu na nguzo inahitaji Lash, inayoifunga upande wa pili upite juu yake.

Kigingi kilichochomoza ardhini kinahitaji Pound, inayokigongomea chini.

Udongo uliolundikana wenye alama unahitaji Scoop, inayouchimbua.

Duara la mawe lisilo na maana yoyote linahitaji Reveal, inayofunua kilichofichwa.

Bwawa linalozuia ngazi linahitaji Parch, inayolikausha.

Tundu lililozibwa na jiwe kubwa linaweza kuwa la Lift, ambayo hutakuwa nayo hadi kundi la Isaac litakapojiunga nawe karibu na mwisho.

Kila upatapo uchawi mpya, simama. Usisonge mbele. Fungua daftari, tafuta mistari inayoungoja uchawi huo, na urudi nyuma ukaifute mmoja mmoja. Safari moja ya kurudi nyuma hukuletea majini wawili watatu na silaha ambayo ungeikosa daima. Weka pia uchawi unaoutumia sana kwenye vitufe vya L na R. Utaokoa dakika nyingi kuliko unavyodhani.

Na ongea na watu wote. Halafu tumia Mind Read ya Sheba kwa watu walewale. Wanachokisema na wanachokiwaza ni vitu viwili, na dokezo la safari inayofuata mara nyingi liko kwenye la pili.

Miamba minne ndiyo dira

Katika dunia hii kuna miamba minne mikubwa, na kila mmoja unamfundisha mhusika mmoja uchawi mmoja. Air's Rock humpa Sheba Reveal. Aqua Rock humpa Parch Piers, baharia atakayejiunga nawe njiani. Gaia Rock humpa Felix Sand, ya kupita chini ya mchanga. Magma Rock humpa Jenna Blaze. Ukipotea, jiulize: ni miamba mingapi nimeimaliza? Jibu hilo litakuonyesha uko wapi kwenye hadithi.

Air's Rock ni mrefu na unachosha. Uingie ukiwa na muda wa jioni nzima na umeshalala vizuri. Gaia Rock una joka la nyoka ndani yake, na hapa kuna somo la gemu nzima. Nyoka huyo anajiponya kila zamu ikiwa amekaa gizani. Mwamba wenyewe una mafumbo ya kufungua mianya ya mwanga, na kila mwanga unaomwangukia unamdhoofisha. Anayekimbilia pambano anapigana na adui asiyekufa. Aliyefungua mwanga wote kwanza anamshinda kwa utulivu. Bosi anapokuwa mgumu kupita kiasi, mara nyingi kuna kitu hujakifanya nje ya pambano.

Kibombo

Msomaji wa Kiswahili atashtuka kidogo akifika bara la Gondowan, ambalo ndilo Afrika ya gemu hii. Kijiji kikubwa hapo kinaitwa Kibombo. Jina hilo ni la mji wa kweli mkoani Maniema nchini Kongo, kusini mwa Kindu, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Kibombo ya kwenye gemu ina ngoma za usiku, mganga anayesimikwa na sanamu kubwa yenye mashine ndani. Ni picha iliyochorwa kutoka mbali, na inatuonyesha kama watu wa sherehe na hofu tu. Nalisema hili wazi kwa sababu naipenda gemu hii, na kitu unachokipenda unakitazama chote.

Kwa mchezaji, Kibombo ni muhimu. Hapa ndipo Piers, baharia, anapojiunga nawe, na bila yeye hakuna meli. Ukishamaliza fumbo la sanamu ya Gabomba, usiondoke mara moja: chini yake kuna mahandaki, na humo kuna kitabu kiitwacho Tomegathericon. Mhusika anayekibeba anabadilika daraja kabisa na kupata uchawi wa giza. Andika mahandaki hayo daftarini, kwa kuwa huenda ukalazimika kuyarudia.

Baharini

Umepata meli. Sasa shusha pumzi, kwa sababu hapa ndipo nilipozama.

Bahari imegawanyika. Mwanzoni uko upande wa mashariki tu. Njia ya kwenda magharibi imezibwa na mawe. Usijaribu kuyapita, huwezi bado. Fuata mpangilio huu na hutapotea.

Kwanza, miamba ya Aqua na Gaia. Pili, mnara wa Tundaria kusini kwenye barafu na magofu ya Ankohl. Katika safari hizi unatafuta vipande vitatu vya silaha moja, mkuki wenye ncha tatu. Ukivipata vyote, vipeleke kijiji cha Champa kwa bibi mhunzi aitwaye Obaba, naye atakuunganishia. Hapo tu ndipo uingie Bahari ya Wakati, kwa sababu anayelinda njia ya huko, Poseidon, ana ngao ambayo mkuki huo pekee ndio unaoivunja. Ukimshinda unafika Lemuria, mji wa Piers, na baada ya Lemuria unakuwa na Grindstone, inayosaga yale mawe ya magharibi.

Upande wa magharibi una mabara ya Hesperia na Atteka, na mnara wa Jupiter, wa kwanza kati ya minara miwili ya taa unayopaswa kuiwasha. Ukishaupita mnara huo, meli yako inapata mabawa na kuweza kupanda juu ya vizuizi. Kisha Magma Rock, kisha kaskazini kwenye theluji ya Prox na mnara wa mwisho, wa Mars. Upanga bora wa gemu nzima, Sol Blade, uko ndani ya mnara huo. Usitoke bila huo.

Mhunzi wa Yallam

Katika kijiji cha Yallam yupo mhunzi aitwaye Sunshine. Mpelekee malighafi adimu unazookota, kama vile Mythril Silver au Orihalcon, uondoke kijijini, urudi, utakuta ameshafua kitu. Atakachofua ni bahati. Kwa hiyo hifadhi mchezo kabla ya kumkabidhi. Angalizo moja: Dark Matter hutoa silaha zenye laana, ambazo humfanya mhusika agande katikati ya vita. Ukiwa na pete iitwayo Cleric's Ring, laana hiyo haimgusi anayeivaa, na silaha hizo zinageuka kuwa hazina ya kweli. Na usiogope kuuza kitu adimu ukiishiwa pesa. Duka linakihifadhi, unaweza kukinunua tena.

Mkiwa wanane

Baada ya mnara wa Jupiter, kundi la Isaac linaungana na lako katika mji wa Contigo. Sasa mko wanane: wanne mbele, wanne nyuma, na unaweza kuwabadilisha katikati ya pambano. Kama uliingiza neno la siri, Isaac atakuja na kila ulichomvika. Ni furaha ya pekee kuiona silaha uliyoipata kwenye gemu nyingine, labda mwaka mwingine, iko mkononi mwake.

Kwa mabosi wakubwa, panga hivi. Kabla ya kuingia pambanoni, weka majini wote wa wale wanne wa mbele katika hali ya kusubiri, na zamu ya kwanza kila mmoja aite mzimu mkubwa awezao kuulipia. Anayeita mzimu wa asili fulani anaongezewa nguvu ya asili hiyo, kwa hiyo mtu yuleyule aendelee na asili ileile. Wakishachoka, waingize wale wanne wa nyuma ambao majini wao wamepangwa na nguvu zao ni kamili.

Kwa kinga, wapo Granite wa ardhi na Flash wa moto kutoka gemu ya kwanza, na Shade wa maji kutoka hii ya pili. Hawa hupunguza sana maumivu ya zamu nzima. Wape wahusika watatu tofauti na uwatume kwa kupokezana, mmoja kila zamu. Balm wa maji humfufua kila aliyeanguka. Mweke kwa mtu wa safu ya nyuma. Na pale Star Magician, mlinzi wa kisiwa cha hazina, anapoita mipira yake, ivunje mipira kwanza, ndipo umrudie yeye.

Mlango wa mwisho

Nilikuahidi sehemu ya siri. Kando ya Contigo kuna shimo kubwa ardhini na mlango wa hekalu la watu wa Anemos. Mlango huo unafunguka kwa sharti moja: uwe na majini wote 72, yaani 28 wa gemu ya kwanza na 44 wa pili, tisa kwa kila mmoja wa wahusika wako wanane. Ndani yake anakungoja Dullahan, adui mgumu kuliko hata yule wa mwisho wa hadithi. Ana pigo linalowafanya majini wako wote wapumzike kwa mpigo mmoja. Ukimshinda unapata Iris, mzimu unaowafufua na kuwaponya wote wanane.

Hakuna wepesi wa kidole unaofungua mlango huo. Unafunguliwa na mstari wa 19 uliounakili sawasawa, na duara la mawe uliloliandika usiku ambao hukujua ni la nini. Siku niliposimama mbele yake, daftari langu lilikuwa na kurasa kumi na moja zilizojaa, kila mstari umekatwa isipokuwa mmoja. Nikaukata, nikaingia.